Mlango Ulioandikwa EXIT

Mama Mapovu alifanya usafi katika jengo la ofisi. Jina hilo alipewa na wenzake, maana akishika ndoo, mapovu yalitapakaa mpaka mlangoni. Alifanya kazi pamoja na mdogo wake wa tumbo moja, msichana mwembamba waliyemwita Kijiti. Kijiti alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Siku alipoanza kazi, mama yao alimwambia dada mtu maneno machache tu: "Huyu nakukabidhi wewe."

Dada hawa walisoma Kiswahili bila shida. Kiingereza ndicho kilichowapiga chenga. Na chupa za dawa za usafi ziliandikwa Kiingereza kitupu. Kwa hiyo wafanya usafi wa jengo lile walikuwa na mtindo wao. Walifunga uzi kwenye shingo ya kila chupa. Uzi mwekundu ulikuwa wa dawa ya choo. Uzi mweupe ulikuwa wa dawa ya kung'arisha. Doa likikaidi, waliongeza sabuni ya unga juu ya dawa. Huko waliita kukoleza, na walijiona mafundi kwelikweli.

Asubuhi moja msimamizi alisema wageni wanakuja, kwa hiyo vyoo ving'ae. Katika choo kimoja kulikuwa na doa la manjano lililogoma kutoka. Sabuni ilikuwa imekwisha. Mama Mapovu akamwaga dawa ya uzi mwekundu. Kisha akakoleza kwa dawa ya uzi mweupe. Aliamini dawa mbili zina nguvu kuliko moja.

Harufu kali ikapanda papo hapo. Macho yakamwasha. Nyuma yake Kijiti, aliyekuwa akipiga deki, alianza kukohoa na hakuacha. Mama Mapovu alimshika mkono wakatoka mbio. Madirisha ya korido ile yalikuwa hayafunguki. Akamkokota mdogo wake korido nzima hadi kwenye lifti, na lifti ikachelewa kuja. Kijiti alikuwa akiivuta pumzi kwa taabu, midomo imempauka. Mama Mapovu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Hospitalini muuguzi alimvalisha Kijiti barakoa ya oksijeni, halafu akamgeukia dada mtu.

"Amevuta nini?"

Mama Mapovu alimtazama Kijiti. Akisema ukweli, kibarua kinaota nyasi. Lakini sauti ya mama yao ilikuwa ikimrudia kichwani.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Nilimwaga dawa mbili kwa pamoja. Moja hii hapa." Akatoa chupa ya uzi mweupe kwenye mfuko wa aproni.

Muuguzi hakumgombeza. Alisema amefanya vyema kusema mapema na kuja na chupa, kwa sababu sasa daktari anajua anatibu nini. Akaeleza kwamba dawa ya kung'arisha ikikutana na dawa ya choo, hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo huunguza kifua. Mtu akiivuta, akimbilie haraka penye hewa safi, aende hospitali, na asirudi kuchungulia.

"Na onyo liko hapa," alisema, akisogeza uzi pembeni. "Uzi hauwezi kukuambia hili. Soma herufi ya mwisho ya neno hili."

"Hiyo ni X. Hiyo naijua sana. Daftari langu la shule lilijaa hizo."

Muuguzi akacheka kidogo. "Basi shika maneno yenye rafiki yako huyo. Hili ni MIX. Linasomwa miks, maana yake changanya. Lakini mbele yake kuna DO NOT, yaani usifanye. Yote pamoja yanasema usichanganye."

Chini yake palikuwa na TOXIC, toksik, yaani yenye sumu. Kwenye mfuniko palikuwa na MAX, maks. Hicho ndicho kipimo cha mwisho, na hakizidishwi. Muuguzi alimwonya kwamba si kila neno lenye X ni la hatari. Kuna jingine huokoa watu. Akanyoosha kidole juu ya mlango wa wodi, kwenye kibao cha kijani.

"Lile ni EXIT. Linasomwa eksit. Ni mlango wa kutokea."

Mama Mapovu alikitazama kile kibao mpaka machozi yakamjaa. Kazini kwao kulikuwa na kibao kama kile, juu ya mlango wa kijivu ubavuni mwa choo. Miaka yote walidhani ni stoo ya mafundi wa umeme. Mdogo wake alikuwa akikata roho, naye alimpitisha mbele ya mlango ule ule na kumpeleka mbali.

Kijiti alilala hospitalini. Dada yake alikaa kando ya kitanda, akisikiliza kila pumzi. Kesho yake daktari alisema kifua kimetulia, lakini apumzike nyumbani kwanza.

Mama Mapovu alirudi kazini na kumweleza msimamizi kila kitu. Msimamizi alifoka, kisha akatulia, kisha akauliza wafanye nini. Nyuzi zilikatwa. Dawa ya choo na dawa ya kung'arisha ziliwekwa katika makabati tofauti. Juu ya kila chupa walibandika maana kwa Kiswahili, na Mama Mapovu aliwafundisha wenzake MIX, MAX, TOXIC na EXIT. Jioni alimfundisha Kijiti nyumbani maneno hayo hayo. Tangu hapo doa likikaidi, husuguliwa kwa brashi na dawa moja tu, madirisha ya choo yakiwa wazi. Mikono inauma, lakini hakuna anayekohoa.

Siku Kijiti aliporudi, dada yake hakumpa ndoo. Alimpeleka kwanza kwenye ule mlango wa kijivu.

"Soma."

"EXIT," alisema Kijiti. "Wa kutokea."

"Haya, sukuma."

Mlango ukafunguka bila taabu. Nje kulikuwa na ngazi za chuma, na upepo ukawapiga usoni. Kijiti alivuta pumzi ndefu. Mama Mapovu alitega sikio, akisubiri kikohozi. Hakikuja.

"Vuta tena," alisema.

Kijiti akavuta tena.