Spika ya Sita

Rafiki yangu ni fundi wa kufunga sinema za nyumbani, na si mtu wa kutishika ovyo. Haya alinisimulia mchana kweupe, na bado kila mara aligeuka kutazama nyuma yake.

Zamani, anasema, ulikuwa unachomeka nyaya mbili unaenda zako. Siku hizi mashine ina makuu, lazima ipime chumba kwanza. Unaweka kinasa sauti kwenye kochi, unafunga mlango na kunyamaza kimya, nayo inapiga mlio kwa kila spika ili ijue iko umbali gani.

Siku hiyo alikuwa amefunga spika tano katika chumba kisicho na dirisha. Taa zilikuwa zinavuma, akazizima, akakaa gizani kando ya kinasa sauti. Milio mitano ikapita. Ukaja wa sita, nyuma yake, hafifu, kama mtu anayeiga kwa mdomo.

Runinga ikaandika: spika ya sita, mita nne. Ukuta wa nyuma ulikuwa mita tatu tu.

"Mama, kuna spika nyingine humu?" alimwita mwenye nyumba.

"Hakuna, mwanangu," alijibu kutoka nje ya mlango. "Hata fundi aliyekutangulia aliuliza hivyohivyo."

Akapima upya. Spika ya sita, mita moja.

Kabla hajainuka, mashine ikaanza tena yenyewe. Runinga ikazimika. Milio mitano ikapita. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, akasikia pumzi ikivutwa taratibu, kama ya mtu anayejiandaa kuiga.