Rangi ya Geti Chumbani kwa Mama

Mtaani walimwita Mng'aro. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika kitambo. Alikuwa fundi wa kupaka rangi mageti ya chuma, na geti likitoka mikononi mwake, ungeweza kunyoa ndevu mbele yake kama kioo. Kazi yake ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alijua ni nzuri, na hilo ndilo lililomponza.

Kila jioni alirudi nyumbani akinuka thina, ile dawa kali ya kulainisha rangi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na hakutaka harufu ile isogelee vitambaa vya wateja. Kwa hiyo alimwekea mumewe ndoo ya maji uani, akamwambia apite nyuma kama mwizi. Mng'aro alicheka tu. Yeye hakuisikia harufu yoyote. Asubuhi alikohoa, akatema mate, akasema ni vumbi, akaenda kazini.

Mwaka ule baba yake alifariki. Mama akabaki peke yake katika chumba cha kupanga, na haikuchukua muda mwenye nyumba akakitaka chumba chake. Mng'aro akamleta mama kwake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na stoo, na hicho kistoo ndicho alichopewa mama.

Kuta za stoo zilikuwa na unyevu. Lipu ilichubuka, na ukiegemea ukuta uliondoka na vumbi mgongoni. Mama hakulalamika. Alisema panatosha, yeye si mtu wa mambo makubwa. Lakini Mng'aro aliona haya kweli kweli. Alikuwa amepamba mageti ya nyumba za watu wasiomjua hata kwa sura, huku mama yake mzazi amelazwa ghalani.

Karakana aliyofanyia kazi na wenzake ilikuwa na desturi yake. Kazi ikiisha, rangi iliyobaki ilimwagwa katika debe moja kubwa. Nyeusi, kijani, nyekundu, zote humo. Mabaki mengine yalikuwa ya siku nyingi, hakuna aliyekumbuka yalitoka wapi. Mng'aro aliomba debe lile, akapewa bure. Alipolikoroga, rangi ikatoka kama ini la ng'ombe.

Mkewe aliitazama, akasema hajawahi kuona chumba cha rangi ya bucha. Kisha akaacha utani. Alimkumbusha mumewe kwamba mama ana pumu, na kifua chake hakitaki harufu kali. Mng'aro akajibu kwamba rangi ya mafuta ni imara, itauzuia unyevu, na itadumu miaka. Mkewe alipotaka kuendelea, alimkata maneno.

"Kati yangu na wewe," alisema, "nani fundi wa rangi?"

Mkewe akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa lisikieni kosa lenyewe, maana mtu mwingine asingelifanya. Fundi wa mageti ana adui mmoja, naye ni vumbi. Likitua kwenye rangi mbichi, kazi yote imeharibika. Ndiyo maana mafundi hawa wakishapaka hufunga karakana, wanaziba kila upenyo. Mng'aro alifanya vivyo hivyo nyumbani. Alipaka kuta zote, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa gunia. Ukuta ulipoacha kunata mkononi, akaona umekauka. Akamwingiza mama, akamwomba asifungue dirisha kwanza, vumbi la barabarani lisije likanasa.

Mama alizitazama kuta. Kisha akamtazama mwanawe.

"Inang'aa," alisema.

Mng'aro alifurahi mno. Siku ile alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

Baada ya hapo mama alianza kudhoofika. Kichwa kilimuuma. Alikohoa, akakiacha chakula. Mchana kutwa alikaa nje barazani, akajifunika khanga, na jioni aliingia ndani shingo upande. Walipomuuliza, alisema ni upweke tu. Nao wakaamini. Mjane wa juzi asipokula, nani atashangaa? Msiba ulibebeshwa lawama zote, na ukuta ukaachwa unang'aa.

Asubuhi moja mkewe Mng'aro alimpelekea mama chai. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika magoti kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Pumzi ilitoka kwa mluzi mwembamba. Alitaka kusema neno, likamshinda. Akanyoosha kidole kuelekea dirishani.

Chai ilimwagika sakafuni. Mkewe Mng'aro alilifungua dirisha kwa nguvu, akapiga kelele ya kumwita mumewe. Mng'aro alimbeba mama yake mgongoni hadi barabarani. Hapo ndipo alipogundua jinsi mama alivyokuwa mwepesi.

Hospitali walimwekea mama hewa ya mtungi. Daktari akauliza kama kuna kitu kimebadilika nyumbani. Mng'aro aliinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyeitaja rangi. Daktari hakumgombeza mtu. Alisema wamewahi, ila kwa tundu la sindano, na mama asirudishwe katika chumba kile kikiwa vile. Akasema pia kwamba mapafu yale yamechoka. Atapata nafuu, lakini hatakuwa kama zamani.

Mng'aro alitoka, akaketi chini kwenye kibaraza cha wodi. Alijichukia. Alitamani mtu amtukane, lakini watu walipita tu.

Kesho yake bibi afya wa mtaa alifika nyumbani. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa maneno, na hospitali walikuwa wamempa habari. Aliingia stoo, na hapo hapo akatoka, ameziba pua. Akamwomba Mng'aro aingie yeye, avute hewa. Mng'aro aliingia. Akavuta pumzi ndefu.

"Mimi sisikii kitu," alisema.

"Hilo ndilo linalonitia hofu, baba," bibi afya alijibu. "Pua yako imekufa kazini. Na hicho kikohozi chako nimekisikia tangu mlangoni."

Waliketi uani, akawaeleza polepole. Rangi ya mafuta hulainishwa kwa kemikali. Ukutani zile kemikali hazikai, hupaa hewani, na anayelala mle anazivuta. Juu rangi inaweza kuonekana imekauka, kumbe ndani bado mbichi, na harufu itaendelea kutoka kwa muda mrefu. Mzima wa afya ataumwa kichwa na macho yatamwasha. Mwenye pumu, mjamzito au mtoto mchanga, huyo anaweza kupata balaa. Na mkifunga dirisha, ndiyo kabisa, mmemfungia mtu na sumu.

Jambo la pili, alisema, ni lile debe la mabaki. Rangi nyingi za zamani za chuma zilitiwa madini ya risasi. Risasi ikiingia mwilini kwa vumbi au kwa vipande vya rangi, inadhuru ubongo, hasa wa watoto. Kwa macho huwezi kuitambua. Rangi usiyoijua asili yake usiilete nyumbani, hata ukipewa bure.

Kisha akaingia tena stoo, akabonyeza lengelenge lililotokeza ukutani. Likapasuka, maji yakatiririka. Mng'aro akapigwa na butwaa. Bibi afya akaeleza kwamba ukuta wenye unyevu unahitaji kupumua. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani yanauozesha.

"Sasa nipake nini?" Mng'aro aliuliza.

"Chokaa."

Mng'aro aliinua uso. "Chokaa ya vyoo? Ya mashina ya miti? Mama yangu nimpakie chokaa, na mimi ni fundi?"

Mkewe alikuwa akikata kitambaa kando yao. Sasa akaweka mkasi chini.

"Mama yuko wodini na mpira puani," alisema. "Na wewe bado unatafuta sifa?"

Maneno yalimchoma Mng'aro, na alijua ni ya haki.

Bibi afya alimwacha atulie, kisha akaendelea. Chokaa ni rahisi, haina harufu ya kudhuru, na inaruhusu ukuta kupumua. Ukuta mkavu unaweza pia kupakwa rangi ya maji. Hapo fundi asome kopo kabla ya kulipa. Atafute maneno yasemayo rangi haina risasi na ina harufu ndogo. Kopo lisilo na maelezo aliache dukani. Na hata rangi ya maji, chumba kiachwe wazi mpaka harufu iishe, ndipo mtu alale.

Mng'aro alipiga moyo konde, akaanza kazi. Chokaa haishiki juu ya mafuta, kwa hiyo ilibidi aikwangue rangi yote. Bibi afya alimkataza kukwangua kavu, vumbi lisiruke. Alivaa barakoa nzuri ya vumbi na glovu, akalowesha ukuta kwa maji, akakwangua kidogo kidogo. Watoto wa jirani walifukuzwa uani. Maganda yote aliyafunga katika mifuko, na bibi afya akayapeleka zinakotupwa taka za hatari. Hayakuchomwa moto wala kutupwa mtaroni. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kila ganda lililoanguka lilimuuma.

Chokaa aliiloweka usiku kucha, akaichuja kwa kitambaa, akatia chumvi kidogo ili ishike. Alivaa miwani, maana chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Alilowesha ukuta, akapaka nyepesi, akaacha ikauke, akarudia. Safari hii dirisha lilikuwa wazi. Vumbi liliingia, naye akaliacha liingie.

Alikwenda pia kupimwa kifua. Hakupewa jibu zuri. Aliambiwa mapafu yake yamezeeka kuliko yeye, akapewa dawa na barakoa maalumu ya kuvaa kazini. Tangu hapo mlango wa karakana ukaachwa wazi. Wenzake walinung'unika kwa sababu ya vumbi, kisha wakazoea.

Mama aliporudi, alitembea polepole, akipumzika njiani. Kwenda kisimani au sokoni tena, hilo lilikuwa limekwisha. Aliketi kitandani. Upepo uliingia dirishani. Mng'aro aliketi sakafuni karibu na miguu yake. Kulikuwa na swali lililokuwa limemkaba tangu hospitali.

"Mama, ile harufu hukuisikia?"

"Niliisikia jioni ile ile. Ilinikaba kabla sijajilaza."

"Mbona hukusema?"

Mama alipanga pumzi kwanza.

"Tangu tumzike baba yako sikuwa nimekuona ukicheka," alisema. "Siku ile ulicheka. Nikaona nivumilie."

Mng'aro alilia. Alilia mbele ya mama yake na mkewe bila kuficha uso. Alipotulia, alimshika mama mkono, akamwomba jambo moja. Siku nyingine aseme, hata kama mwanawe atakasirika au atanuna. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema na yeye asikatwe maneno tena. Mng'aro akakubali.

Mama akazitazama kuta nyeupe pande zote. Akavuta pumzi ndefu, nayo ikafika mwisho bila mluzi.

"Basi nakuambia sasa," alisema. "Huu weupe unanikumbusha wodi. Siupendi."

Mng'aro akafuta macho. Akaenda kumuuliza bibi afya, akaambiwa udongo mwekundu ukichekechwa vizuri huipa chokaa rangi na haumdhuru mtu. Akachimba, akauchekecha, akaukoroga katika chokaa. Kisha akamshika mama mkono, akamtoa nje, akamwekea kiti uani mbali na dirisha. Alipohakikisha ameketi vizuri na anapumua vizuri, ndipo akachukua brashi.