Msitu Uliotiwa Dole Gumba

Sogeeni karibu, ndugu zangu, na mwenye simu aizime kwanza, maana ninalotaka kusema linamhusu hata yule anayejidai halimhusu.

Palikuwa na nyumba moja pembezoni mwa msitu, nyumba ya mrina asali na mkewe, Mama Pacha. Jioni ya mavuno ungewakuta uani, ndoo katikati, kitambaa cheupe kimefungwa mdomoni mwa ndoo, masega yanakamuliwa taratibu. Mrina alikuwa mcheshi.

"Hebu lamba kidole, mke wangu, usije ukasema nakunyima."

"Wewe naye! Tukilamba hivi tutauza nini?" Mama Pacha alijibu, na huku analamba. Binti zao pacha wakacheka mpaka wakajipaka asali kwenye nywele.

Msitu ule ulikuwa wa ukoo, na wazee wao walizikwa humo. Kila nyumba ilikuwa na mizinga yake, lakini miti ilikuwa ya wote, waliopo, waliotangulia na watakaozaliwa. Mrina hakupata kukomba mzinga hata siku moja. Aliwaachia nyuki chakula chao mpaka maua yarudi. Asali ikishuka, jirani alipata bakuli lake bila kuomba. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yao, jamani, na haikuwahi kufilisika.

Kisha zikaja hati. Serikali ilipima ardhi, ikaukata msitu vipande, kila mwenye nyumba akapewa karatasi yenye jina lake na muhuri. Ukoo ulikaa ukakubaliana: karatasi ni karatasi, msitu ni uleule, na msitu hauuzwi. Mrina akaitia hati yake kwenye mfuko wa plastiki, akaisokomeza chini ya godoro.

Nyuma ya hati akaja kijana wa kampuni ya mikopo. Alikuwa nadhifu, shati limenyooka hata kwenye vumbi lile, watu wakamwita Bwana Shati. Alimkuta Mrina anafunga ndoo tayari kwa safari ya mjini.

"Mzee wangu, mpaka leo unabeba ndoo kichwani? Chukua mkopo, nunua pikipiki. Utauza mara mbili ya hapo."

"Na dhamana?"

"Ile hati yako tu. Itakaa kwetu, ukimaliza kulipa unaichukua."

Mama Pacha alimwita mumewe jikoni. "Baba Pacha, na tukishindwa kulipa?"

Mrina alicheka kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie. "Watachukua nini? Msitu? Msitu hauuzwi! Mimi mwenyewe siwezi kuuuza, sembuse huyo wa mjini. Mwache akae na karatasi yake."

"Mimi maneno yake mengi sikuyaelewa."

"Hata mimi. Lakini pesa naielewa."

Mama Pacha naye akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomtafuna moyo baadaye, maana aliona mumewe anamtega mgeni, asijue aliyetegwa ni nani. Mrina akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika chini ya maneno ambayo hakuna aliyemsomea.

Pesa zilipoingia, akazifanya kama asali. Kaka yake alitaka mabati, akapewa. Shangazi alitaka nauli ya hospitali, akapewa. Mpwa akaja, na rafiki wa mpwa akaja pia, hata sijui huyo alikuwa na undugu gani.

"Hizi si zetu, mume wangu," Mama Pacha alimwambia. "Asali ni yetu. Hizi ni za watu."

"Unataka ukoo uniite mchoyo?"

Mama Pacha asingeweza kusimama mlangoni kwake akamfukuza shemeji yake. Kilichobaki kilinunua pikipiki kuukuu, iliyotoa moshi mwingi kuliko ule wa kufukizia nyuki.

Mwaka ule mvua haikunyesha na maua hayakutoka. Pikipiki ikafa njiani, fundi akaitazama akatikisa kichwa. Bwana Shati naye alirudi, safari hii bila vicheko. Alikaa kwenye kiti, akakataa hata maji, akataja riba, kisha riba juu ya riba.

Ndipo Mrina alipofanya jambo ambalo baba yake asingelifanya. Alirudi kutoka msituni na ndoo, akaiweka uani. Mama Pacha akafunua. Ndani mlikuwa na masega yote, hata yale yenye watoto wa nyuki, weupe, bado wanajinyonganyonga.

"Umewaachia nini huko juu?" aliuliza.

Mama Pacha alikamua huku analia, na asali ile ilikuwa chafu, haikupata bei. Nyuki waliobaki wakahama karibu wote. Deni halikutikisika.

Siku dalali wa kampuni ya mikopo alipofika, hakuja na maneno. Alikuja na mnunuzi wa kipande kile cha msitu, na mnunuzi akaja na watu wa misumeno ya mashine. Mama Pacha alikimbia ofisini kwa mtendaji wa kijiji, kanga inaburura chini.

"Wanakata miti yetu! Msitu hauuzwi!"

Mtendaji aliitazama nakala ya karatasi ya mkopo aliyoletewa na dalali. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, hati ina jina la mumeo. Dole ni la mumeo. Mimi nitasema nini?"

Aliporudi, alikuta mti wa kwanza umelala. Mrina alikuwa amepanda wa pili, mti wenye mzinga wa mwisho uliokuwa na nyuki, mchana kweupe, bila moshi. Alitaka kuushusha mzinga kabla msumeno haujafika. Nyuki walikuwa wameshakasirishwa na kelele, wakamvamia usoni. Mama Pacha alipiga yowe, "Shuka! Baba Pacha, uache, shuka!" Alishuka kweli, ila kwa kuanguka.

Hakufa. Kiuno kilivunjika, miguu ikakataa. Watu wa misumeno walisimama kidogo, wakasaidia kumbeba mpaka kivulini, kisha wakaendelea na kazi, maana nao walilipwa kwa mti.

Na ukoo? Eh, ndugu zangu, hapa ndipo panaponiuma. Wale waliokula pesa za mkopo ndio waliokuwa wa kwanza kusema, "Ameuza makaburi yetu." Kaka yake aliyasema hayo amesimama chini ya mabati mapya. Bakuli halikuja tena mlangoni pa Mama Pacha.

Sasa anafulia watu nguo. Pacha wameacha shule, wanamsaidia. Juzi mumewe mgonjwa alimwomba asali, akitamani hata kijiko kimoja. Mama Pacha akaenda dukani, akanunua chupa ndogo. Mke wa mrina, ananunua asali dukani! Akamlisha kwa kijiko.

Mrina aliiweka ulimini, akafumba macho. "Hii ni sukari," akasema. Kisha akageuza uso ukutani.

MAFUNZO

Waswahili walisema zamani: kukopa harusi, kulipa matanga. Tunaisema midomoni, lakini karatasi ikija tunatia dole.

Mrina hakuwa mjinga. Alijua mali kuliko wengi wetu: usikombe mzinga, mpe jirani, kisichokuwa chako peke yako usikiuze. Kosa lake ni kudhani karatasi inaijua sheria ya ukoo. Haiijui. Inalijua dole tu. Basi karatasi isomwe kwa lugha ya nyumbani, mbele ya mke na mbele ya ukoo, mpaka wa mwisho aseme ameelewa, ndipo mtu achovye kidole. Na ninyi mnaokuja kutufundisha habari za pesa, anzieni mzingani, kwani hapo tutawaelewa.

Kugawana ni kuzuri, tusikuache. Lakini gawa asali yako, usigawe deni. Na wewe uliyekula cha ndugu yako siku ya kukopa, usimkimbie siku ya kulipa. Mabati yale yangeuzwa mapema, pengine ule mti wa mzinga wa mwisho ungekuwa umesimama hadi leo.