Maneno Matatu ya Gatini

Mvua za kwanza za mwaka, nesi alikuta ndoo ya jikoni imejaa maji. Paa lake halijawahi kuvuja. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi.

Akajicheka. Mtu mzima, mwenye cheti cha chuo, anaonja ndoo!

Jana yake alikwenda gatini na mshipi wa marehemu mumewe. Mumewe, fundi saa, alivua pale misimu yote: joto akirudi na changu, mvua akirudi na kolekole, baridi akirudi na mafua. Mwisho wa joto moyo wake ukasimama palepale, alfajiri, kabla wenzake hawajafika. Walimkuta mshipi umemzunguka kiganja. Nesi, aliyewashika mkono wageni kibao wakikata roho, wa kwake hakumshika. Alikuwa zamu.

Huko gatini alipata samaki mmoja. Akampika, akamla huku analia.

Baridi ilipoingia, ndoo ilijaa kila siku. Mto wa kitandani ukanuka chambo. Kisha mchana mmoja, jua linawaka, akasikia kikohozi bafuni, kile kile cha mumewe, kifupi, kama mtu anayeomba radhi. Naye badala ya kukimbia akamimina chai vikombe viwili, akaketi, akangoja, na kikombe cha pili kikaisha taratibu bila mkono wowote kukigusa.

Alivumilia mpaka siku alipokohoa wodini, mbele ya wagonjwa, akatema maji ya bahari. Ndipo akaenda kwa mama muuza chambo.

"Wa kwanza ulimrudisha?"

"Nani?"

"Samaki, dada! Wa kwanza wa msimu haendi nyumbani na mtu. Ni wa mwenyewe. Mumeo hakukwambia?"

"Alikuwa ananihadithia mambo ya ndoano saa nzima. Nilikuwa nasinzia."

Mama chambo akashusha sauti. "Basi umekula cha jini, naye kakufuata. Mrudishe gatini kwa miguu yako. Ataongea. Ukimjibu hata 'ee', ni wako mpaka akuzamishe."

Wakaenda adhuhuri, mama chambo mbele, nesi nyuma, na nyuma ya nesi nyayo zilizolowa, chwa, chwa, zikipita katikati ya wavuvi waliokuwa wakitaniana na ambao mmoja baada ya mwingine walinyamaza bila kujua kwa nini, mpaka mbao zikaisha, maji meusi yakawa chini yao, na sauti ya mumewe ikamgusa shingoni.

"Mke wangu."

Akauma midomo.

"Haya, mimi siye," ilisema sauti, sasa nzito, ya baridi. "Lakini asubuhi ile nilikuwa chini ya nguzo hizi. Alisema maneno matatu kabla hajaanguka. Yalikuwa yako. Niulize tu."

Nesi akauma ulimi mpaka damu. Machozi yakamtiririka. Hakuuliza.

Maji yakapokea kitu kizito.

"Amekwenda," mama chambo akahema. "Umepona, dada."

Nyumba ikakauka. Kikohozi kikakoma. Siku hizi nesi hukaa gatini, joto, mvua na baridi, bila mshipi wala chambo, akijaribu kwa sauti ndogo, matatu matatu: nisalimie mke wangu, usinisubiri kwa chakula, mwambieni nimechelewa kidogo. Kila mara husikiliza.

Bahari haijawahi kumjibu.