Chuma Kilicholegea Mlangoni

Land Cruiser ilikuwa imeshatoka Lyulilo, kando ya ziwa. Baruti nyuma, Hellen kwenye usukani, milango imevikwa mabamba ya chuma.

"Kisu, gari lisifike daraja la mpakani. Leo pale ni siku ya soko," redio ilisema.

"Kisu nimepokea."

Kisu lilikuwa jina la siri la Anyitike, jasusi wa serikali. Alilifuata kwa pikipiki ya Honda, bunduki ya Dragunov mgongoni. Alishapiga risasi nne. Zote ziligonga bamba zikaruka kama bisi. Matairi nayo mpira mtupu, hayapasuki.

Simu ikaita ndani ya kofia yake.

"Anyi, unafukuza ndege wa mpunga?" Hellen alicheka. "Rudi nyumbani, mchumba. Ndoa haipo tena."

Ikakatika.

Walikuwa wafunge ndoa baada ya mavuno.

Alisimama kijiji cha Makwale, akampigia mzee Eliud, fundi wa kuchomelea, baba yake Hellen. Ndiye aliyelivika gari lile chuma, akidanganywa kuwa ni la walinzi.

"Tata, Hellen anapeleka baruti darajani. Lile tundu la kuchungulia mlangoni kwake, ulilikata kwa gesi?"



Mzee alijua anaulizwa nini. Chuma kile kiwandani huchomwa, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa kipimo. Ndiyo asili ya ugumu wake. Ukikirudishia moto mkali, ugumu unatoka pembeni mwa mkato. Angeweza kusema alikata kwa msumeno. Nani angebisha?

"Kwa gesi," alisema. "Tena polepole, pua ya bomba ilikuwa mbovu. Joto lilitambaa. Vidole viwili chini ya tundu, pamelegea."

"Ndaga, Tata."

"Usinishukuru! Piga mara moja tu. Asiteseke."

Anyitike alikatiza matuta ya mpunga, akalala kifudifudi kwenye kona ya kuingilia Njisi, kabla ya daraja. Akampigia Hellen simu.

"Hellen, simama."

"Huwezi, Anyi. Nakujua."

Aliweza.

Bamba lililokataa risasi nne likapokea ya tano. Gari likaingia mpungani, likazima.

Anyitike akamfumba Hellen macho. Askari walipofika, akawaachia funguo za pikipiki, akaondoka kwa miguu bila kugeuka.

Baruti iliteguliwa. Wageni wawili waliomtuma Hellen walikamatwa ziwani, wakafungwa. Walimwahidi maisha ng'ambo. Tiketi haikuwahi kununuliwa. Soko liliendelea, watu wakauza dagaa na vyungu. Eliud alimzika binti yake nyuma ya migomba, akauza mitungi yake ya gesi. Siku hizi anapalilia kakao, hachomelei hata jembe.

Anyitike alihamishiwa Kigoma. Hajaoa.