Nguo za Mteja

Mwezi wa sita hakuna mtu mwenye akili Lushoto anayeliamini jua, ila Yusta aliliamini. Siku ya gulio alitundika magauni yake ya mitumba kwenye kamba baina ya miti miwili, akakaa chini yake na kikombe cha chai. Alikuwa ameyafua juzi na bado yalikuwa na unyevu kwenye mapindo. Saa nne ukungu ukateremka, manyunyu yakafuata, soko zima likaanza kuhangaika na maturubai.

Mwanamume mmoja akaanza kumwanulia magauni bila kuombwa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na viatu vya ngozi vinavyong'aa, kwenye tope lile. Yusta, mwenye sweta la buluu na mabuti ya mpira, alivitazama viatu kwanza.

"Wewe ni mwizi au msamaria?" akamuuliza.

"Mimi ni Hezekia. Nina mashine ya kukaushia nguo, njia ya Magamba. Niachie hizi, saa kumi nakurudishia zikiwa kavu."

"Jua ni la bure, kaka."

"Liko wapi?"

Yusta akatazama juu, hakuliona, akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza.

Wakapendana. Simu ya Hezekia iliingia asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alikuwa na neno.

"Umeamkaje, kipenzi?"

"Nimeamka na baridi."

"Nikuletee mashine uikumbatie?"

"Mashine haina mikono. Njoo mwenyewe."

Magauni ya biashara yalipozoea mashine, zikafuata nguo za Yusta mwenyewe: kanga, mashuka, gauni la njano la kanisani. Hezekia alizifuata chumbani kwake kila Alhamisi na mfuko mweusi, akazirudisha Ijumaa zimekunjwa vizuri, zina joto bado. Yusta alimwambia Salama, jirani yake wa sokoni, kwamba mwanamume anayekunja nguo za mwanamke ni wa kuolewa naye. Sibishi, Hezekia alimpenda. Lakini kumpenda mtu kimyakimya ni kazi nyepesi, hata mvivu anaiweza.

Ikapita miezi minane. Februari ilipofika, jua liliwaka mpaka mchicha ukanyauka bustanini, na bado nguo za Yusta zilikwenda kwenye mashine. Ijumaa moja mfuko haukurudi. Kesho yake kulikuwa na harusi na gauni la njano lilihitajika, kwa hiyo Yusta akapanda mwenyewe njia ya Magamba. Hakuwahi kufika pale.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake Hezekia. Uani, mbele ya macho ya kila mpita njia, ulikatiza waya mrefu. Mashati matano meupe ya Hezekia yalikuwa yakipunga upepo juu yake, pamoja na vitenge vya mama yake, na nusu ya waya ilikuwa tupu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana. Yusta alipofungua mlango wa mashine alikuta nguo zake zote humo ndani, mbichi, zimeanza kunuka uvundo.

Hezekia alimwambia asiwe na wasiwasi, umeme ungerudi wakati wowote.

"Na hayo mashati yako yanasubiri umeme gani?" Yusta akauliza.

Yusta akazitia nguo kwenye ndoo, akatoka nazo uani, akaanza kuanika. Hezekia akamfuata nyuma akianua. Huyu anabana kanga, yule anabanua; huyu anatundika shuka, yule analishusha, huku akinong'ona kwamba watu wanaona. Vibanio vikaanguka majanini. Yusta alikuwa na hasira, na kila aliponong'onezewa alijibu kwa sauti ya juu zaidi.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mama yake Hezekia, mwanamke mrefu mwenye miwani na kitambaa cheupe kichwani. Yusta akamsalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha mama akalitazama gauni la njano lililobaki kwenye waya.

"Hezekia, nguo za nani hizi?"

Hapo ndipo mwanamume hupimwa. Hakuulizwa jambo kubwa. Hezekia akajibu, "Za mteja, mama."

Yusta hakulia. Alilishusha gauni, akalirudisha kwenye ndoo, akainama kidogo kwa heshima.

"Samahani, mama," akasema. "Mteja amekosea kamba."

Akateremka mjini na ndoo kichwani, jasho likimchuruzika mgongoni. Harusini hakwenda.

Siku mbili simu iliita, hakupokea. Siku ya tatu akaipokea, si kwa kumhurumia, bali alitaka kusikia atasema nini. Hezekia akajieleza kwa haraka. Milimani huku, alisema, gauni la msichana likionekana kwenye kamba ya nyumbani kwa kijana kabla ya barua ya posa, kabla jua halijazama mtaa umeshasema amehamia. Alikuwa akimlindia jina.

Ni kweli watu husema hivyo, na Yusta alilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana alizidi kukasirika, kwa sababu dawa yake pia inajulikana.

"Barua iko wapi?"

"Namsubiri mjomba Dotto apate nafasi ya kupanda kutoka Korogwe."

"Miezi minane, Hezekia? Korogwe kuna bahari katikati?"

Hapo Hezekia akasema ukweli, kwa sauti ndogo: mama yake alimtaka binti wa mzee wa kanisa, na yeye aliogopa kumwambia kwamba ana mtu wake.

"Kumbe hukuwa unalinda jina langu," Yusta akasema. "Ulikuwa umejificha nyuma yake." Akakata simu.

Siku ya gulio iliyofuata, wakati Yusta anapanga magauni, Salama akamgusa bega. Hezekia alikuwa anakuja na mama yake. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi na shati halikupigwa pasi. Wanawake waliokuwa wakichagua nguo wakaacha kuchagua.

"Mama," Hezekia akasema, na safari hii hakunong'ona, "huyu ni Yusta. Si mteja, ni mchumba wangu. Nilikukana mbele ya mama, Yusta, na nimekosa."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Nilijua," akasema. "Mteja gani anagombania vibanio na mwenye duka? Nilimuuliza nisikie atajibu nini, akajibu upuuzi. Binti wa mzee wa kanisa nilimpenda, siwezi kuficha. Lakini sikuzaa mtoto wa kukana watu."

Hezekia akamwomba Yusta waoane, pale pale, mbele ya wateja na Salama. Yusta alimpenda bado, na hilo nalo lilimuudhi. Akaendelea kutundika magauni.

"Hapa ni sokoni," akasema. "Baba yangu yuko Bungu. Mpaka barua imfikie mkononi, usinipigie simu."

Hezekia hakupiga. Yusta, ambaye ndiye aliyekataza, aliitazama simu kila saa akawa mkali kwa wateja. Siku ya tisa baba yake akampigia. Mtu aitwaye Dotto alikuwa amefika na barua, amenyeshewa mvua njia nzima, na sasa anakunywa uji. Baba akaisoma barua yote kwa sauti, kisha akauliza wajibu nini.

Yusta akamwambia asubiri kidogo. Akampigia Hezekia.

"Barua imefika," akasema.

"Na jibu?"

"Nimekubali. Lakini hasira yangu haijaisha, Hezekia. Nitaolewa nayo."

"Njoo nayo, mke wangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, na mama yake uani akauliza anaongea na nani. Akamtajia jina.