Vifungo Sita vya Profesa

Kila asubuhi ilikuwa vilevile. Mama alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mtoto akasimama mbele yake, kazi ikaanza. Vifungo sita vya shati la shule, kutoka chini kwenda juu. Kisha kamba za viatu.

Mtoto alikuwa na miaka saba. Huku akivalishwa, alisoma kwa sauti magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani. Hakukosea neno. Ndiyo maana majirani walimwita Profesa.

"Haraka, mwanangu. Inua kidevu."

Asubuhi hiyo, mama alipofika kifungo cha nne, mtoto alirudi nyuma.

"Siendi."

"Huendi wapi?"

"Shule. Siendi tena."

Mikono ya mama ilibaki hewani. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Alishona vifungo katika kiwanda cha mashati tangu asubuhi hadi jioni, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili. Hakuwa na nguvu za kubishana na mtu, hata mtu mdogo kiasi kile.

Alifungua begi la mtoto. Akakuta daftari lililochanwa kurasa na barua iliyokunjwa mara nne. Mwalimu aliandika kwamba mtoto anasoma kuliko wenzake wote. Lakini akikosa hesabu moja tu, anachana karatasi, analia, na hagusi tena kalamu siku nzima. Hali isipobadilika kabla ya mwisho wa muhula, atarudishwa darasa la chini.

Mama akaketi kitandani kama mzigo uliotuliwa.

"Hodi humu! Nimeleta ndoo yenu."

Alikuwa jirani wa mlango wa pili, muuguzi wa kliniki ya watoto. Aliwatazama, huyu kitandani, yule ukutani.

"Mbona kimya leo? Profesa amegoma?"

"Amegoma kweli, dada." Mama akampa barua.

Muuguzi aliisoma akiwa amesimama. Kisha akainama. "Profesa, hebu kifunge hicho cha nne nikuone."

Mtoto alijaribu. Kifungo kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza tena. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Lete hapa," mama akasema, na mkono wake ulikuwa umeshafika.

"Mama Profesa! Mkono!"

"Tutachelewa, dada."

"Najua. Lakini amejaribu mara mbili tu, ukamwokoa. Shuleni nani atamwokoa?"

Mama alisugua macho. "Natoka kiwandani saa kumi na mbili jioni, nimechoka. Nikimfungia mimi, ni dakika moja. Akifunga mwenyewe, tutakula chakula cha mchana hapa hapa mlangoni. Halafu mtoto huyu ana akili. Akili haitoshi?"

Muuguzi aliweka ndoo chini na kukaa juu yake.

"Kusoma na kuhesabu ni stadi. Anazo, tena tele. Lakini zipo stadi nyingine. Kukosea ukarudia. Kusubiri zamu yako. Kujituliza ukikasirika. Kusema sijui, nisaidie. Hizo hazionekani kwenye mtihani, lakini mtoto hujifunza vilevile, kidogo kidogo, kwa kuzifanya. Kliniki naona watoto wadogo kabisa wakizianza, wakijifunza kujilisha, na kijiko tu mkononi. Na zote zinategemeana. Mtoto asiyeweza kujituliza anachana karatasi, na akiichana, hesabu ataijulia wapi?"

"Kwa hiyo nimemharibu."

"Hapana. Umemsaidia kupita kiasi, na hilo linarekebishika. Hata sisi watu wazima bado tunajifunza hayo. Wewe mwenyewe kiwandani unaona. Anayefika mbali ni mwenye akili tu?"

Mama alitazama vidole vyake. Alikumbuka mwaka wake wa kwanza, walipofundishwa kukata vitambaa. Hakuna aliyekokotoa vipimo upesi kama yeye. Siku moja akakata mkono wa shati kombo, wenzake wakacheka. Akaweka mkasi mezani, akaomba kuhamishiwa kwenye vifungo. Mwenzake mmoja aliharibu vitambaa vitatu, na kila mara alirudi kwa fundi na kusema, nionyeshe tena. Sasa huyo ndiye mkubwa wa wakataji.

"Nifanye nini?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Amkeni mapema kidogo. Mwache ajaribu. Akikosea, usimcheke wala usimnyang'anye. Mwambie bado, jaribu upande mwingine. Akikasirika, avute pumzi kwanza. Na msifie kwa kurudia, si kwa kuwa Profesa tu."

Siku hiyo walichelewa wote wawili. Mama alimpeleka mtoto hadi darasani na kuzungumza na mwalimu. Mwalimu alikubali kumpa kalamu ya risasi na kifutio, na nafasi ya kutulia kabla ya kuanza upya.

Wiki ya kwanza ilikuwa ndefu. Mtoto alikwenda shule shati likiwa kombo, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama aliikalia mikono yake, akaikalia kwelikweli, ili isiruke. Asubuhi nyingine uchovu ulimshinda. "Lete hapa," akasema, akafunga vyote sita, na njia nzima ya kwenda kazini akajilaumu. Kesho yake akaanza tena.

Muhula ulipokaribia kwisha, mtoto alirudi na karatasi moja. Ilikuwa imefutwa mpaka ikakaribia kutoboka. Lakini haikuchanwa. Chini yake mwalimu aliandika: "Amerudia hesabu hii mara tatu. Ataendelea na darasa lake."

Mama aliisoma mlangoni, begi lake la kazini likiwa bado begani. Akaisoma mara ya pili. Kisha akaketi na kuanza kuvua koti la kazi, lakini vidole vilikataa. Kifungo cha juu kilimshinda.

Mtoto alimwangalia. Akanyoosha mkono.

"Lete hapa, mama."

Mama alishtuka kama aliyeguswa na pasi ya moto. "Umesemaje?"

"Lete hapa. Si ndivyo unavyosema mtu akiwa hawezi?"

Yalikuwa maneno yake yale yale, sasa yakitoka kwenye mdomo mdogo. Kumbe hivyo ndivyo yalivyosikika miaka yote. Alimvuta mtoto karibu na kuiweka mikono yake midogo juu ya kifungo.

"Sikumaanisha huwezi," akasema. "Hata siku moja. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nimechoka tu, na niliona aibu kusema. Wewe unaweza. Nifungulie polepole, nakusubiri."